Benchi la Tatu, Upande wa Wanawake

Kiganja cha Asnath kililitambua benchi kabla ya macho yake. Alikuwa ameketi ukumbini mwa hoteli, mkoba magotini, akimngoja mwanawe amalizane na watu wa mapokezi, na mkono wake wa kuume ukashuka wenyewe chini ya ubao, kama mbuzi aijuaye njia ya zizini. Kidole gumba kikaingia tunduni. Tundu la mviringo, laini, mahali fundo la mti lilipodondoka zamani. Kidole kikatulia humo, na Asnath akashtuka kana kwamba ameshikwa mkono na mtu.

Aliinama kutazama. Ubao wa mti wa mkulo, umepigwa msasa na kupakwa mafuta hadi unameremeta. Miaka arobaini alikuwa amelikalia benchi lile, la tatu kutoka mbele, upande wa wanawake, katika kanisa la kijijini kwao, huko juu milimani ambako ukisimama mlangoni unaiona Ndungu yote kule chini na majaruba yake ya mpunga. Mahubiri yaliporefuka, kidole chake kilijificha mle. Siku ya kumzika mumewe, Mzee Tumainieli, kilikuwa mle mle.

Lakini hapa palikuwa Dar es Salaam, na benchi lilipaswa kuwa katika kanisa la Bendera.

"Mama, tayari!" Sifael alirudi, uso umemkunjuka kama mkeka mpya, mkononi kakamata kadi. "Ghorofa ya sita. Tajiri mwenyewe kasema, fundi wangu mkuu amlete mama yake alale siku mbili, aone mikono ya mwanawe ilivyofanya. Hoteli hii ilikuwa gofu, mama. Popo tupu. Twende uone."

Asnath hakuwa mtu wa kurusha neno kabla ya kulipima. Alisimama, akamfuata.

Chumba kilimchanganya, akashukuru kwamba kilimchanganya, maana kilimpa cha kushangaa badala ya kile alichokuwa akikishangaa. Kadi ya mlango ndiyo pia iliyowasha taa. Bomba la kuogea halikuwa na cha kuzungusha. Kitandani mito minne, yeye kichwa kimoja. Sifael alimwonyesha kabati, akafungua na kufunga droo mara tatu ili mama yake asikie zilivyo kimya.

"Nzuri," alisema Asnath. Na zilikuwa nzuri kweli. Hilo nalo lilimuuma.

Mwanawe alipoondoka, aliketi ukingoni mwa kitanda akayarudisha mambo nyuma. Mwaka jana, baada ya mavuno, usharika ulipata mabenchi mapya. Ukazuka mjadala: yale ya zamani yaende wapi? Wazee wa kanisa walikuwa wakali. Mbao zile zilipasuliwa na babu zao, zikabebwa vichwani kutoka msituni kwa siku nyingi. "Benchi walilolilia watu halitoki likawa la kukalia wanywaji," alisema Mzee Daudi, na kiti kizima cha wazee kikaguna kuafiki. Ndipo Sifael, aliyekuwa amekuja likizo, akasema kwamba Bendera, kule tambarare, wapo waumini wanaosali juu ya mawe na magunia. Atatafuta gari, atayafikisha yote kumi. Wakamtazama. Kijana wa mjini, ulimi una mafuta. Asnath akainuka mbele ya usharika wote.

"Mimi namjua niliyemzaa. Neno lake ni neno langu. Mabenchi yanakwenda Bendera."

Ikawa imekwisha. Asnath aliishia darasa la saba, na cheo hakuwa nacho. Lakini mjane asiyesengenya mtu, kwao, neno lake lilitosha kuwa muhuri.

Asubuhi alishuka mapema. Msichana wa mapokezi, Jenifer, alimwamkia kwa adabu, kisha akamwona anavyoyazunguka mabenchi kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Umeyapenda, eh, mama? Wageni wote wanapigia picha hapo. Yametoka Upare, kwenye kanisa la zamani sana. Soma kibao kile."

Asnath alisoma polepole. *Mabenchi haya yameokolewa kutoka kanisa lililobomoka milimani.*

"Halijabomoka," alisema.

"Lipi, mama?"

"Kanisa. Jumamosi ni zamu yangu kulifagia."

Jenifer alicheka, akidhani ni utani wa Wapare, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka, akajifanya kutafuta kalamu.

Benchi la tatu lilikuwa na mtu. Mzungu mzee, chupa ya bia ya asubuhi imewekwa pale vitabu vya tenzi vilipokuwa vikiegemezwa, amesinzia kidevu kifuani. Asnath alingoja hasira ije. Alingoja kwa uaminifu, kama anavyongojwa mgeni aliyetuma salamu kwamba yu njiani. Haikuja. Mzungu alisinzia sawasawa na Mzee Daudi anavyosinzia mahubirini, mdomo wazi, na benchi lilimpokea bila ubaguzi. Tena lilikuwa limependeza kuliko lilivyopata kupendeza tangu lichongwe. Asnath alitamani lionekane limedhalilika. Halikuonekana hivyo. Aliona haya kwa niaba ya benchi, halafu akaona haya kwa kuona haya.

Sifael alimkuta mezani, mbele ya kibakuli cha makande kidogo, kama ya kumlisha kifaranga, juu yake limechomekwa jani.

"Shikamoo, mama. Umelalaje?"

"Marahaba. Bendera wanakalia nini?"

Sifael aliketi. Hakuuliza Bendera ipi.

"Umelijua."

"Kidole kimelijua."

"Mama, nisikilize kwanza, usinifungulie kesi. Sisi Wapare kwa kesi hatujambo." Alijaribu kucheka, kicheko kikafia njiani. "Gari lilikuwa linakwenda Bendera kweli. Tajiri akayaona kwenye picha ya simu yangu. Akasema, niletee haya, na hao watu wako nitawapa viti vipya, vya chuma. Akawapa. Mabenchi yale ndiyo yaliyonipa ufundi mkuu hapa. Sasa kuna hoteli nyingine Moshi, ameniahidi. Tuseme nimemwibia nani?"

"Ungesema hivyo kanisani."

"Wangekubali?"

"Wasingekubali."

"Basi."

"Basi nini?"

Sifael akatoa simu. Alimpigia Abednego, mwinjilisti wa Bendera, akamwambia yuko na mama yake, akaiweka mezani kati ya vikombe ili mama asikie kwa masikio yake.

"Mama Asnath!" sauti ya Abednego ilijaa meza. "Shikamoo, mama! Umetuheshimisha jamani. Viti havina mchwa, havina kunguni, hata wale waliohama wamerudi. Akina mama huku wanaviita viti vya Asnath. Kila Jumapili tunakuombea, wewe na kijana wako."

"Marahaba, baba," alisema Asnath. "Asante." Akabaki kushangaa ameshukuru nini.

Simu ilipozimika, Sifael alipanua mikono kama mtu aliyeweka mzigo chini. "Umeona? Nani amelia?"

Asnath alitafuta aliyelia. Bendera wanaketi vizuri. Usharika una mabenchi mapya. Tajiri ana picha zake, Sifael ana kazi, Mzungu amelala. Aliizungusha habari ile kama mtu achambuaye mchele, na kila alipotia kidole hakukuta jiwe. Lakini alipotafuna, jino liligonga. Lilikuwa neno lake tu. Lilitoka kinywani mwake likiwa zima, likaenda likageuzwa njiani, na huko lilikofika likazaa baraka. Je, baraka ile ni ya nani? Alijaribu kusali kimoyomoyo, akafika *utusamehe makosa yetu*, akasimama hapo, asijue amwonyeshe Mungu kosa lipi, wala la nani.

"Mama," Sifael alishusha sauti, "Jumapili watakusimamisha utoe salamu za safari. Waambie ulilala vizuri. Basi. Wazee wakisikia, watashuka huku kuyadai, na unawajua. Tajiri atanitupa nje kama takataka. Moshi nayo kwaheri."

Alimtazama. Mikono ile iliyotulia mezani ilikuwa ya baba yake, hadi kovu la patasi.

"Sijui, mwanangu."

"Hujui nini?"

"Ningejua ningekwambia."

Jumapili kanisa lilijaa. Baada ya matangazo, mchungaji aliangaza macho akatabasamu. "Mama yetu Asnath amerudi kutoka Dar es Salaam. Hebu atusalimie."

Aliinuka. Magoti yalimwitikia kabla moyo haujakubaliana nayo.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina!"

Mbele yake, Mzee Daudi alikuwa amegeuza shingo amsikie vizuri, mkono nyuma ya sikio. Asnath aliyaandaa maneno ya hoteli, ya mito minne na taa inayowashwa kwa kadi. Aliyaona yamepangika, rahisi, ya kuchekesha. Kinywa kikafunguka, yakatoka mengine.

"Nimeyaona mabenchi yetu."

Rafiki yake Evaline, ambaye hajawahi kuikosa nafasi ya kupiga kigelegele, alikipiga. Wanawake wakakidaka, kikazunguka kanisa zima hadi kwenye mabati. Wote walijua basi la Dar hupita Mkomazi, na kutoka Mkomazi hadi Bendera si mbali; wakaona bila shaka alipitia huko. Mzee Daudi alifumba macho, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyerudishiwa kitu, midomo ikitamka shukrani isiyosikika.

Asnath aliinua mkono kuwanyamazisha, ukafika kifuani, ukashuka. Akangoja vigelegele viishe vyenyewe. Vilichukua muda mrefu.

Hakuketi.