Mama Mkwe Nyuma ya Banda

Mimi sipendi mwanamume anayelia kabla hajaulizwa. Leighton, mtoto wa dada yangu, alifika kwenye banda letu la wanaume machozi yanamtiririka, nikamwambia, "Mpwa wangu, funga bomba hilo. Hayo unajililia mwenyewe. Ya Roslyn tutayafikia."

Roslyn ni mkewe. Leighton alikuwa amemvunja taya. Mwanamke alikuwa kwa dada zake na mtoto wao wa kike, anakula uji kwa mrija, na Leighton alitaka jambo moja tu duniani: kurudi nyumbani. Mahakama imesema lake, sawa. Lakini hapa kwetu jangwani, hata mahakama ikimfungulia mtu, sisi wazee hatumrudishi mpaka watu wa kwao mke waseme. Ndivyo tulivyoapiana na wanawake siku tulipoanzisha kazi hii ya kuwakalisha hapa wanaume waliopiga wake zao, maana wao ndio waliochoka kwanza.

Basi, kila asubuhi tunakaa kando ya korongo, wanaume peke yetu, mkia wa kangaruu uko kwenye makaa, chai iko motoni, na mtu anasema alichofanya. Wengi huanza kwa kuzungukazunguka. Kuna mmoja aliwahi kuniambia eti kupiga mke ni mila yetu. Ala! Nilimuuliza ni babu yake yupi aliyemfundisha, nikazike upya mifupa yake. Watu walicheka, yeye hakucheka.

Leighton hakuleta upuuzi huo. Leighton alileta kitu kizuri zaidi.

"Mjomba, mimi si mhuni," alisema. "Nimekosa kwa mke wangu, lakini sheria yetu naishika. Waulize wote. Mama mkwe wangu sijawahi kumkosea hata mara moja. Hata usiku ule nimelewa, sikumkosea."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja. Mmoja akiingia dukani, mwingine anatoka na kuacha mkate wake kwenye kaunta. Si chuki hiyo. Ni heshima, na hatuna nyingine nzito kama hiyo. Nyumba hazitutoshi, kwa hiyo Bibi Dulcie, mama yake Roslyn, alikuwa akilala chumba cha nyuma cha nyumba ya Leighton na Roslyn, akitumia mlango wake wa uani, na kweli hakuna aliyewahi kuwaona wamekutana.

Maneno hayana miguu lakini yanafika. Kesho yake Bibi Dulcie alituma ujumbe kwamba anakuja.

Alikuja asubuhi na baridi yake, blanketi kichwani, akaketi mchangani nyuma ya banda, mgongo kwenye ukuta wa bati. Leighton tukamweka ndani pamoja na wazee, naye kaegemeza mgongo kwenye bati hilo hilo. Katikati ni bati tupu. Dulcie ni binamu yangu kwa ukoo, mimi naweza kusema naye, kwa hiyo kazi ya kubeba maneno ikawa yangu. Bati lile ni jembamba, kila mtu alisikia kila kitu. Lakini kwetu neno la mama mkwe halijafika mpaka mtu alifikishe, basi nikawa nazunguka banda na magoti yangu haya mabovu.

"Binamu," Dulcie alisema, "mwambie nashukuru kwa heshima yake."

Nikazunguka, nikasema. Leighton akakaa wima, mabega yakapanda.

Nikarudi.

"Mwambie usiku ule mwanangu aliniita. 'Mama, mama.' Nikatoka chumbani kwangu mpaka kwenye mlango wao. Yeye alikuwa amesimama pale pale mlangoni, ndani. Ningepita wapi? Nikafunika uso kwa blanketi hili. Nikasikia mpaka mwisho." Akachota mchanga, akaumwaga. "Muulize, alijua kama niko pale?"

Nikazunguka. Leighton alikuwa ameshainama.

"Nilikuwa nimelewa, mjomba."

"Hilo sibebi."

"Sikumbuki vizuri."

"Na hilo sibebi. Unafikiri miguu yangu ni ya kuchezea? Nimeulizwa swali moja. Alijua au hakujua?"

"Mjomba, nikisema, hawatanirudisha."

"Yawezekana. Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema."

Hakuna aliyegusa chai yake. Mzee mmoja alianza kukohoa, akajizuia. Leighton aliongea akitazama miguu yake.

"Nilimsikia anakuja. Nilikuwa kitandani upande wa pili. Nikaja kusimama mlangoni. Nilijua akiniona pale hataingia."

"Makusudi?"

"Makusudi."

Nilimchukia. Sitawadanganya, mtoto wa tumbo la dada yangu, nilimchukia saa ile. Wazee wetu walituachia sheria ili mama mkwe akae kwa amani, naye kaifanya kufuli ya kumfungia nje. Na sisi tulikuwa tumemtikisia vichwa!

Nikazunguka na neno lile. Lilinishinda kulitamka, Dulcie akasubiri, ingawa alishalisikia. Hakunisaidia, na hakupaswa. Nikalisema.

"Sasa amesema kweli," alisema Dulcie. "Mwambie nyumbani harudi. Sijui lini, asiniulize. Mtoto ataletwa hapa kumwona, mchana, shangazi yake akiwepo. Na mwambie hivi: iwapo siku moja Roslyn atamkubali tena, nami nikasikia mwanangu analia, nitaingia. Sitafunika uso. Nitamtazama machoni, aibu imshukie yeye."

Loh! Kule ndani nikasikia mtu anavuta pumzi. Neno kama hilo sijalisikia tangu nizaliwe, na mimi nimezikwa nusu tayari.

Nililifikisha lote, sikupunguza. Nilimtazama mpwa wangu nikingoja aanze kuomba, maana alikuwa ameomba kila siku tangu afike: lini, mjomba, lini? Hakuuliza lini. Alijifuta uso kwa mkono wa jezi.

"Mwambie nimesikia," alisema. "Mwambie aingie. Nikifikia kumwinulia Roslyn mkono tena, asinistahi."

Nikazunguka mara ya mwisho. Dulcie alikuwa bado amekaa, mgongo kwenye bati, na blanketi lilikuwa limemwangukia mabegani. Nikamwambia alivyosema Leighton. Alilia kidogo, kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Kisha akanipa mkono nimwinue, akaenda kumwambia Roslyn.