Kesi ya Haroun Iliyofutwa

Ami yangu Abdulsamad aliifungua picha ya mchumba wangu kwenye kompyuta ya ofisini, akaigeuza skrini ili kila aliyekaa pale aione, halafu ndipo akanipigia simu mimi. Ndivyo alivyo. Aibu ikiwa yako, wewe ndiye wa mwisho kuambiwa.

Niliacha mzigo wa viatu kwenye soko la Zhanxi, hapa Guangzhou, China, katikati ya kupatana bei. Laoban wa duka, bosi aliyeninyima punguzo asubuhi nzima, alinifuata mpaka nje akinitajia bei mpya, lakini mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye teksi kwenda Xiaobei, wanakojazana Waafrika. Ofisi ya ami ni chumba kimoja mtaa wa Dengfeng, juu ya duka la simu. Kazi yake ni kusafirisha mizigo ya Watanzania. Makontena yanapakiwa bandari ya Huangpu, yanashuka Dar au Unguja. Na kama ofisi zote za namna hiyo, nusu ya wanaokaa mle hawana mzigo wowote. Wanakunywa chai ya ami na kungoja habari. Siku hiyo habari zilikuwa zimewafika.

"Kaa, Kauthar," ami akasema. "Huyu unamjua?"

Nilimjua. Haroun alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa kijivu, macho mekundu, kola ya shati imekaa upande. Chini ya picha paliandikwa jina lake kamili, urefu, uzito, siku aliyokamatwa miaka miwili nyuma, na shtaka lenyewe kwa Kiingereza. Ami alinitafsiria kwa sauti, ingawa sikumwomba.

"Wizi wa gari."

Mmoja wa wanywa chai akasema astaghfirullah, kisha akanyoosha mkono kuchukua andazi.

Haroun ni mtu wa Unguja anayeishi Marekani, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulifahamiana kupitia dada yake, mteja wangu wa viatu, tukaanza kuongea kwa simu. Mwaka mzima tuliongea. Kontena langu lilipokwama bandarini, yeye ndiye aliyekesha na mimi, anasimulia vituko vya wazee wake mpaka nacheka peke yangu chumbani kama mwehu. Mimi si msichana. Nilishaolewa nikaachika, baada ya mume wangu kuniolea mwenza kimyakimya, nikaja kuambiwa na muuza vitenge. Kwa hiyo swali langu kwa Haroun lilikuwa moja tu, na nilimuuliza kabla hata sijamwambia napenda kula nini. Una mke? Akaapa hana, na hajaoa tangu afike Marekani. Akaleta posa. Baba yangu ni marehemu, posa ikaenda kwa ami.

Kwetu mwanamke akiposwa, wazee wanaulizia. Wanakwenda mtaani kwa muoaji, wanauliza msikitini, dukani, kwa jirani. Anaswali? Ana mkono mwepesi wa kupiga? Marekani ami hana jirani wa kumuuliza. Akawasha VPN, maana huku bila hiyo kurasa nyingi za nje hazifunguki, akaandika jina la Haroun na jina la kaunti anayoishi. Kumbe kule mtu akikamatwa, jela ya kaunti inamweka kwenye mtandao, picha na kila kitu, ulimwengu wote utazame. Ami aliona huo ni uungwana mkubwa wa serikali.

"Posa nimeshairudisha," akaniambia. "Sitoi mtoto wa marehemu kaka yangu kwa mwizi. Na grupu lote la wafanyabiashara nimelitumia picha, wengine wana mabinti zao."

Nilitamani kuimwaga ile chai kwenye kompyuta. Huyu ami yangu ana bi mkubwa Unguja na bi mdogo Temeke, na bi mkubwa alikuja kuzijua habari za Temeke siku bi mdogo alipojifungua mtoto wa pili. Ndiye mlinzi wa heshima yangu.

Nilitoka nikampigia Haroun palepale kwenye ngazi. Hakukataa.

"Ni kweli walinikamata," alisema. "Lakini sikuiba, Kauthar, wallahi. Gari la mtu ninayekaa naye. Tuligombana, akaniitia polisi. Kesi ilifutwa."

"Basi nipe ushahidi nikamfunge mdomo ami."

"Achana nayo. Nitaongea naye mwenyewe."

"Ameshawarushia watu mia mbili picha yako, wewe unasema niachane nayo?"

"Kauthar, acha tu mama. Yatapoa yenyewe."

Nilidhani ni mpole. Nikampenda zaidi kwa upole wake, nikaapa nitamsafisha.

Nilikwenda kwa Judica. Judica ni mtu wa Moshi, anasoma uzamili wa sheria hapa Guangzhou kwa ufadhili, na kila likizo anachukua kwangu sandali za kupeleka nyumbani. Tulikaa kwenye mgahawa wa Wasomali, akafungua kompyuta yake, nikamwonyesha ule ukurasa.

"Dada Kauthar, huyu ami wako kasoma kitabu cha getini akadhani kasoma hukumu," akasema. "Hii ni jela. Jela inaandika aliyeletwa. Polisi wakisema kaiba, inaandikwa kaiba. Hapo hakimu hata hajamwona."

"Na akiachiwa?"

"Getini hawaandiki kwa nini kaachiwa. Hiyo inakaa mahakamani, na mahakama ina tovuti yake. Watu wanaishia kwenye picha kwa sababu picha ndiyo inanoga."

Haikuwa kazi nyepesi. Tuliandika jina la Haroun, tukaambiwa hayupo. Tukaanza na jina la babu yake, wakaja watu wengine kabisa. VPN ikakatika. Iliporudi, tovuti ikatutaka tuthibitishe kwamba sisi ni binadamu kwa kuchagua picha za taa za barabarani, nami nikakosea mara mbili kwa hasira. Mwishowe Judica akarudi kwenye ukurasa wa jela, akashuka mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo ami hakujisumbua nayo. Kulikuwa na namba ya kesi. Akaiingiza kwenye tovuti ya mahakama, na kesi ikafunguka.

"Soma hapa kwenye matokeo," akasema.

Shtaka, wizi wa gari. Matokeo, limefutwa. Hakuna hatia, hakuna faini, hakuna kifungo hata cha siku moja.

Nililia. Nililia mgahawani mbele ya sahani za watu, na sikuona haya. Nikampigia ami hapohapo, kwa sauti ya kusikika mpaka mtaani.

"Hana hatia! Umesikia ami? Hana hatia, mahakama imesema. Kesho nakuja na karatasi, na uwaite walewale uliowaonyesha picha. Wote!"

Nilipokata simu, Judica hakuwa anacheka na mimi. Alikuwa bado anasoma.

"Ngoja kwanza, dada," akasema. "Hapa wameandika kwa nini wamefuta."

Nilimwambia sababu hainihusu. Akaigeuza kompyuta kwangu. Yalikuwa maelezo mafupi ya mwendesha mashtaka, na Kiingereza changu cha kununulia viatu kilitosha kuyaelewa. Mwenye gari, Rozina Mutiso, mke wa mshtakiwa, hataki kuendelea na kesi. Gari ni mali ya wanandoa.

Nikayasoma tena. Nikamuuliza Judica kama neno lile la mke lina maana nyingine kwenye sheria. Akasema halina.

"Labda waliachana baadaye," akasema, kwa huruma. Akatafuta jina la Haroun na la Rozina kwenye kesi za talaka za kaunti ileile, miaka yote miwili. Hakuna kitu.

Nilimpigia Haroun nikiwa nimesimama nje, mikokoteni ikinipita huku na huku.

"Nimeiona kesi," nikamwambia. "Kweli ilifutwa."

"Alhamdulillahi! Si nilikwambia?"

"Rozina ni nani?"



"Kauthar, ile ni ndoa ya makaratasi tu. Ya kupatia vibali."

"Mnakaa nyumba moja?"

"Maisha ya huku huyajui wewe."

"Mna watoto?"

"Mmoja."

"Naye wa makaratasi?"

Akaanza kusema habari ya mapenzi, ya kwamba angeniambia tukishafunga ndoa, roho zikishatulia. Nikakata. Kitu kilichonichoma zaidi si Rozina, Rozina wa watu hana kosa nami. Ni kwamba habari ya gari alinijibu kweli tupu. Gari la mtu ninayekaa naye. Nami nikamwona mpole.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa sababu nilikuwa nimeshasema nitakwenda. Ami alikuwa amewaita wote, na safari hii kulikuwa na sambusa. Niliweka karatasi mezani nikawaeleza kama nilivyoelezwa na Judica, kwamba picha ile ni ya getini, kwamba kukamatwa si kuhukumiwa, kwamba wamemchafua mtu ambaye hakuiba. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akasema kweli, dunia ina mambo, yeye mwenyewe alikuwa na shaka tangu mwanzo. Mwongo mkubwa.

"Sasa soma mwenyewe kwa nini ilifutwa," nikamwambia ami.

Ami akavaa miwani. Alisoma taratibu, midomo inacheza. Nilimtazama usoni nikingoja. Ukweli ni kwamba pamoja na hasira zangu zote, nilikuwa na tamaa kidogo. Nilitaka agonge meza. Nilitaka aseme kwa Haroun yale yale aliyoyasema alipomdhani mwizi, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile.

Akavua miwani akacheka.

"Kumbe gari la mkewe! Sasa huo nao ni wizi? Jamani, hayo si mambo ya ndani ya nyumba tu?"

Chumba kizima kikacheka kwa kufarijika. Mtu akampa mwenzake sambusa.

"Ami, aliapa hana mke."

"Mwanangu, mwanamume atasema nini? Kukuficha ni kwa kuogopa kukukosa. Mwizi nisingekupa, nilisema na narudia. Lakini mke si kosa, dini imeruhusu." Akachukua simu yake. "Ngoja niongee na watu wake, waturudishie posa. Tumemkosea kijana wa watu."

"Sitaki."

"Hutaki nini tena? Wewe mwenyewe ndiye uliyemsafisha. Jana umenipigia kelele kwenye simu, hana hatia, hana hatia. Hawa wote nimewaita kwa neno lako."

Wakatikisa vichwa kwamba ndiyo, wameitwa kwa neno langu.

"Haya," nikasema. "Basi na karatasi hii itume kwenye grupu, kama ulivyotuma picha. Pamoja na hapo palipoandikwa mke."

"A-a. Hayo ni ya kusitiriana."

"Basi mpigie bi mkubwa Unguja. Weka sauti nje tusikie sote. Muulize, siku aliyozijua habari za Temeke, alikwenda kulala akisema mke si kosa?"

Wanywa chai wote wakawa na kazi na vikombe vyao. Ami aliishika simu kidogo, kisha akaiweka mezani, uso chini. Akaniambia nimekosa adabu, na kwamba ndiyo maana yule wa kwanza aliniacha. Akayasema hayo mbele ya watu. Nikachukua karatasi zangu nikashuka ngazi, na mpaka leo hatujasemezana zaidi ya habari za kontena.

Picha ya Haroun bado iko kwenye grupu, hakuna aliyeifuta. Na huku Xiaobei watu hawachoki, ukikutana nao wanakuuliza, yule bwana wako wa Marekani aliishia wapi? Mwanzoni nilisema ukweli. Nilisema hakuiba kitu, ila alikuwa na mke na mtoto akanificha. Wanaume walisema, basi tu, hukuwa na subira. Wanawake walisema wewe na umri huo, na ulishaachika, ulikuwa unangoja nani? Mmoja aliniambia ningeingia tu, Marekani ni Marekani.

Nilichoka. Siku hizi nikiulizwa, nasema yule alikuwa mwizi, alikamatwa na gari la watu. Hapo kila mtu ananipa pole.