Kigoda Kilichosimamishwa

…na kimesimama wima, juu ya tako lake kabisa, kama kinachongoja mtu, na humu ngomeni hakuna hata mmoja anayeona haya, wala huyu mama mwongozaji anayewaambia wageni kwamba chumba hiki kilikuwa cha gavana, gavana alifia hapa kwa homa, kitanda chake kilikuwa pale dirishani… pale hasa, karibu na kigoda cha Araba Nyaneba, bibi yake Mzee Bentsil, aliyekuwa akiinuka tu hukilaza ubavu, hata akienda kukoroga chungu, kilaze wewe Kobina, unataka mzimu gani ukikalie nikiondoka? na yeye Bentsil, mtoto bado, hukilaza mbio bila kutazama nyuma… "Kiti cha Araba, muuza kenkei, madonge ya mahindi," anasema mwongozaji, Araba yupi, kila mwanamke aliyezaliwa Jumanne mjini hapa ni Araba, mwiteni Araba Nyaneba, "Mjomba, twende tukaone mizinga," huyo ni Kweku Amissah, mtoto wa dada yake, mrithi kwa ukoo wa mama, aliyekitoa kigoda kwa makumbusho bila kumwuliza mtu, "Kweku, nani amekisimamisha?" "Mimi, Mjomba. Kikilala nakshi hazionekani," nakshi! "Na gavana?" "Gavana gani?" "Aliyefia humu." Kweku anacheka, "Aa, Mjomba! Mzee mzima wa kanisa, leo unaogopa mzimu wa Mzungu?" haogopi, wala haamini, shuleni walimcharaza mpaka akaacha kuamini, lakini anamwona, bwana mkubwa wa miguu iliyovimba, anashuka kitandani, anatafuta pa kukaa, na pa kukaa pameshafutwa vumbi, kigoda cha mwanamke ambaye hakukanyaga humu maisha yake yote, kenkei za Wazungu aliziweka chini langoni, waje wenyewe wazichukue… Usiguse, kinasema kibao, na vidole vya Mzee Bentsil viko kwenye kamba iliyozungushiwa kigoda, alikuwa akitunga barua kwa mkuu wa makumbusho, kwa heshima na taadhima, ninaomba ruhusa ya kukilaza… ruhusa ya nani? yeye haamini, sawa, Araba Nyaneba aliamini, na makalio yaliyokikalia yalikuwa yake, "Baba, kamba hiyo, tafadhali," "Naiona, mama," anajibu kwa upole, na mguu wake bado uko upande huu, lakini barua yote imefutika kichwani, anapima tu kama goti la kushoto litavuka…