Vumbi la Mbao Halikuwa na Kosa

Mwanangu Wagdi alianza kujikuna pua msimu wa baridi, na mimi mama yake nikaisingizia mbao. Naandika haya ili mama mwingine asifanye nilivyofanya.

Hapa Dimyati, pwani ya Misri, karibu kila nyumba ina fundi wa samani. Wagdi alikuwa mchongaji, anachonga maua kwenye migongo ya viti vya maharusi, na maua yake watu waliyatambua bila kuambiwa ni ya nani. Vumbi la mbao tumelizoea. Linaingia kwenye jibini, linaingia kwenye mito. Mtu akikohoa ni vumbi, akiwashwa ni vumbi, hasa la zan, ile mbao ngumu inayokuja kwa meli. Kwa hiyo alipoanza kujikuna, pua kwanza, kisha mashavu, kisha mgongo, sikuuliza. Nilimvua shati ngazini kabla hajaingia ndani. Nilichemsha mashuka. Nilimpaka siki mpaka nyumba nzima ikanuka.

"Mama, unanifanya achari?" akasema, anacheka. "Nikune hapo. Chini kidogo. Hapo hapo."

Nikamkuna. Sitaficha, nilifurahi. Mtoto wa miaka ishirini na sita anakupa mgongo kama alipokuwa mdogo. Tena miezi ile alikuwa mpole, na yale malalamiko ya kiuno, ya kuinama juu ya meza ya kazi tangu asubuhi, yalikwisha. Nikasema Mungu amemwondolea maumivu akamwachia muwasho, si haba.

Nikaenda karakana kwa tajiri wake, Fundi Shalabi.

"Mpe mwanangu mbao nyingine. Hii inamla ngozi."

Hakuinua macho kutoka kwenye gilasi yake ya chai. "Mama Wagdi, mimi nina miaka arobaini na zan. Umeniona nimebabuka?"

"Mwoze, bi mkubwa," akadakia fundi mmoja. "Atapata wa kumkuna."

Wakacheka wote. Wawili kati yao walikuwa wanajikuna pua. Niliwaona, wallahi, kwa macho haya, na moyoni nikasema: vumbi.

Nikapita duka la dawa. Muuzaji akanipa vidonge vya mzio, vidogo vyeupe, akasema vinaleta usingizi kidogo. Hakuniuliza kijana anameza nini kingine. Hata angeuliza, ningesema hamezi kitu. Nikawa nampa kimoja asubuhi na chai, kimoja jioni. Muwasho ukapungua, lakini akawa mzito. Anasinzia na kijiko cha maharage mkononi. Nikasema ni kazi, msimu wa harusi umekaribia, oda ni nyingi.

Siku ya nane ya vile vidonge, baada ya adhuhuri, alisinzia mbele ya msumeno wa umeme. Vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Hospitali walimchoma sindano ya mofini. Alikuwa bado ananung'unika maumivu, wakaongeza. Baadaye kidogo akanyamaza, na mkono wake mzima, wa kushoto, ukapanda puani. Akajikuna vilevile, polepole, macho nusu wazi.

Nikamwita muuguzi, dada mmoja anaitwa Nirmin. "Mwanangu ana mzio wa mbao," nikamwambia.

"Mbao iko wapi, mama?"

Nikatazama. Kitanda ni cha chuma. Shuka ni la hospitali. Nguo zake walishazikata na kuzitupa.

"Si mzio," akasema. "Ni sindano. Hizi dawa za jamii ya afyuni zinazima maumivu na papo hapo zinaamsha muwasho. Wengi huanzia puani. Nyumbani alikuwa anajikuna?"

"Tangu baridi."

Akavuta pazia. "Wagdi, unameza nini?"

Mwanangu alinitazama mimi, si yeye. "Tramadoli. Fundi anatugawia na chai, kwa ajili ya kiuno. Ili tumalize oda."

"Nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Ngapi?"

"Mwanzo nusu."

Nirmin akauliza kama kuna kitu kingine. Hapo nilitakiwa kujibu mimi. Nikafungua mkoba nikampa pakiti ya vidonge vyeupe. Akasoma jina lake.

"Hivi vinalaza, na vile vinalaza," akasema. "Watu wamewahi kuvimeza pamoja wakalala wasiamke. Shukuru alisinzia akiwa amesimama, si kitandani."

Alipotoka nikamuuliza Wagdi, "Ulijua kinachokuwasha?"

"Karakana nzima inajua. Tunaitana wakunaji."

"Mbona uliniacha nikukune?"

"Ulikuwa unafurahi, mama."

Fundi Shalabi alikuja na sinia la mishabbik, zile tamutamu za kukaanga zenye shira, bado za moto, akasema ajali haina kinga. Nilizipeleka kwa wagonjwa wengine.

Wagdi yuko nyumbani sasa. Vidonge anapunguziwa na daktari, kidogo kidogo, na siku nyingine anatetemeka na kutukana. Akishika patasi kwa mkono wa kushoto anaiacha tena mezani. Akiinua mkono usoni naacha nilichoshika, hata kama anafukuza nzi.

Juzi nikishuka ngazi nilisikia harufu ya siki kwa Mama Sabri, jirani wa chini. Kijana wake naye yupo kwa Shalabi. Nikagonga.

"Anawashwa?" nikauliza.

"Vumbi tu, dada. Wewe unalijua hilo."

Nikamweleza yote, pua, chai, kidonge, mpaka kitanda cha chuma. Alinisikiliza, mkono umeshika mlango.

"Wako alikuwa anameza," akasema. "Wangu ana ngozi nyepesi. Usimfananishe."

Akafunga. Leo asubuhi ile harufu imepanda tena mpaka kwangu.