Kompresa ya Muthama

Fundi Lemayian alishika puli ya kompresa kwa mikono miwili, akajaribu kuizungusha, ikakataa. Akaigonga kwa mpini wa bisibisi, akaitegea sikio kama daktari, akagonga tena. Halafu akajifuta mikono kwenye ovaroli na kumweleza Nthenya kwamba kitu hicho kimejila chenyewe kwa ndani, na gesi atakayojaza humo itakuwa gesi ya bure.

"Tutafute ingine, dada. Hii imekufa."

Neno hilo la mwisho Nthenya hakulipenda. Alikuwa amesimama kando ya gari lake kwenye gereji ya Lemayian, mtaa wa nyuma hapa Kitengela, leso kichwani kwa sababu ya vumbi. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Kesho yake ilikuwa kliniki ya kifua kule Kajiado, ile inayofanywa mara moja tu kwa mwezi, na baba yake alikuwa ameikosa ya mwezi uliopita. Dawa zilikuwa zimekwisha. Tangu zikwishe mzee alikuwa analala ameketi.

Kwa wengine kiyoyozi cha gari ni raha. Kwa Mzee Mulinge kilikuwa sehemu ya matibabu. Alichonga mawe machimboni tangu akiwa kijana, bila kitambaa puani, na vumbi la miaka yote hiyo likaingia kifuani na kukaa. Daktari alisema asivute tena hata punje. Lakini barabara ya kwenda hospitalini ni ile ile ya malori ya mawe na kokoto, hayana turubai, yanamwaga unga mweupe toka Kitengela hadi mbali. Ukifungua dirisha, mzee anakohoa mpaka midomo inageuka rangi. Ukilifunga bila kiyoyozi, ile Toyota 110 inakuwa tanuri na pumzi inamkatika kwa joto. Safari iliyopita walifika Isinya, Nthenya akamtazama baba yake, akageuza gari wakarudi nyumbani.

Lemayian alikuwa anainua kitu cha kusema na kukirudisha. Mwishowe akakisema huku akitazama injini.

"Si ile ya ndugu yako iko pale kwa polisi? Hiyo ingeingia bila maneno."

Nthenya alikuwa ameliwaza hilo tangu usiku, na akaomba Mungu amwonyeshe njia nyingine.

Muthama alikuwa kaka yake mkubwa. Magari yao waliyanunua kwenye yadi moja, wiki moja, la kaka jeupe, lake la kijivu, kila kitu sawa hadi mapazia ya jua, kwa sababu Muthama alisema magari pacha hayatafutiani spea mbali. Muthama lake alilifanya teksi. Jioni moja, katika barabara ya Namanga, lori la mawe lililoharibika lilikuwa limesimama katikati ya lami bila taa wala matawi ya kuonya watu. Muthama aliingia chini yake, akafa pale pale. Paa lilikatwa, sehemu ya mbele ilipita chini ikabaki nzima. Gari likavutwa hadi kituo kidogo cha polisi kando ya barabara, likawekwa kuwa kielelezo cha kesi, na kesi ikaanza kuahirishwa. Mara dereva wa lori hakuja. Mara hakimu amehamishwa. Mara faili halionekani. Watu walipanda mahindi, wakavuna, wakapanda tena, na gari bado liko pale.

Kituoni alimkuta Koplo Mureithi akimenya njugu juu ya meza. Nthenya alimsalimia kwa heshima, akaeleza habari ya baba, ya vumbi, ya kliniki. Koplo alimsikiliza hadi mwisho, kwa upole hata.

"Madam, ile gari si ya ndugu yako."

"Ni yeye aliinunua, afande."

"Alinunua, sawa. Sahii ni ya korti. Ni exhibit. Ukitoa hata nati moja umeharibu ushahidi. Ama unataka yule dereva aachiliwe?"

Maneno hayo yalimpata. Alijiona kama mtu aliyekuja kumwibia marehemu. Akaomba basi alione tu, na Koplo akamwambia aangalie kutoka pale kwenye ukuta, asikaribie. Gari lilikuwa limezama kwenye magugu hadi kwenye milango. Boneti lilikuwa limefungwa kwa waya, na waya ulikuwa mpya, unang'aa. Nthenya alisema sala fupi moyoni, akaondoka.

Mchana kutwa alizunguka maduka ya spea akiwa na ile kompresa iliyokufa kwenye gunia, begani, maana fundi yeyote atakwambia beba ya zamani ufananishe. Duka la kwanza walimwambia kompresa zote ni moja, nunua uende. Aliposhusha gunia wakapima, masikio ya kushikia nati yakakataa. Duka la pili puli ilikuwa nyembamba kuliko mkanda. La tatu kijana mmoja alimwambia achukue ya gari lingine lolote, watakata chuma, watachomelea, itakaa tu.

"Na ikitoka njiani?" Nthenya akauliza.

"Ikitoka, mathe, utarudi."

Alifika kwa Mohamednur bega limekufa ganzi. Mohamednur aliuza spea za zamani tangu Kitengela ikiwa duka hapa na duka pale, na alikuwa na sifa ya kutomdanganya mtu kuhusu kitu kilichoharibika. Alimwita dada kwa Kisomali chake, "Abayo, weka mzigo chini, hiyo si mtoto," akaitoa kompresa kwenye gunia, akaipima kwa macho, akainama chini ya rafu ya mwisho. Alichokitoa alikiweka kando ya ile iliyokufa. Masikio sawa. Puli sawa. Plagi ikaingia na kulia kak. Akaizungusha kwa kidole kimoja, ikazunguka laini.

"Alhamdulillahi. Hii ni yako."

Akaigeuza ili amwonyeshe kwamba haina ufa, na Nthenya akaona namba.

Madereva wa hapa huchora namba ya gari kwenye vioo, kwenye taa, kwenye saidimira, ili mwizi akiiba asipate wa kumuuzia. Muthama hakuishia hapo. Alimwita mchoraji akamfungulia boneti, akamchoresha betri, jeki, kompresa, kila kitu kilichoweza kushika ncha ya mashine. Wenzake stendi walimcheka, wakamwambia achore na matako yake basi. Sasa namba yake ilikuwa hapa, imejaa mafuta, herufi ya kwanza imeinama kidogo kama alivyoiacha yule mchoraji. Nthenya alipitisha kidole juu yake. Hakulia.

Alipomweleza Mohamednur, mzee yule alisema maneno ya Kiarabu wanayoyasema kwa aliyefariki, akakaa juu ya tairi. Alieleza kwamba watu huja na magunia, naye hununua. Nthenya akamuuliza ni nani aliyeileta hii.

"Mtu akikuja na buti za serikali, mimi siulizi risiti."

Nthenya alisema atakwenda kuripoti. Mohamednur hakumzuia. Aliongea polepole, akihesabu kwa vidole.

"Ripoti, abayo. Watanifunga mimi kwanza. Halafu hii itaandikwa exhibit, itarudi pale pale. Kisha itarudi hapa kwangu, kama sitakuwa ndani. Na mzee wako kesho ataenda na nini?"

Alikataa kuchukua faida. Alitaka tu kile alichompa mtu wa buti, na Nthenya akatoa, akamlipa. Hivyo ndivyo alivyonunua kitu cha kaka yake kutoka kwa waliomkataza kukigusa.

Gerejini Lemayian aliisoma namba. Kisha akaenda akaleta grainda.

"Nipitishe hapo niifute, dada. Ni dakika moja. Wakikusimamisha wafungue boneti, hiyo itakuletea maneno."

Aliiwasha. Ilipiga kelele, ikatulia mkononi mwake ikingoja. Nthenya aliwaza juu ya baba yake akiwa ameketi kitandani, mgongo ukutani. Aliwaza gari likishikwa katikati ya safari, mzee amesimamishwa kando ya barabara katika vumbi. Aliwaza pia kwamba jeneza lilipofungwa hakuna aliyeruhusiwa kumwona Muthama uso, na kwamba kati ya vyote alivyovishika kaka yake, hiki ndicho kilichomrudia.

"Iache," akasema.

"Watakushika."

"Waandike kwanza vile ilitoka kwao."

Lemayian alizima grainda. Akafunga kompresa, akatia mafuta yake, akanyonya hewa kwa mashine, akajaza gesi. Nthenya alipobonyeza swichi, kitu kikalia tak kule mbele, na baada ya kitambo hewa baridi ikamgusa koo. Alijua hewa ile haipiti ndani ya kompresa. Lemayian alikuwa amemweleza vizuri. Hata hivyo, njia nzima ya kurudi nyumbani hakugeuza kichwa kutazama kiti cha kando yake. Kompresa ilikuwa ikikatika na kuwaka, tak, kimya, tak, kama mtu anayetaka kusema kitu na kujizuia.

Jioni alimweleza baba yake yote. Hakuweza kumficha; wangewezaje kusali pamoja? Mzee alipapasa goti, akivuta pumzi fupi fupi. Wakati wa maombi alishukuru kwa chakula na kwa siku, akawaombea majirani, akamwombea yule Msomali. Kisha akasema, "Na utulinde sisi watatu tunaosafiri kesho." Nthenya akaitikia amina.

Asubuhi waliondoka jua likiwa tayari kali. Madirisha yalikuwa yamefungwa, vumbi likipiga vioo na kuteleza. Mzee alikuwa amefumba macho, blanketi magotini, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa anapumua bila mluzi.

Kabla ya Isinya kulikuwa na kizuizi cha polisi. Mbele yao lilikuwa lori la mawe, taa za nyuma mashimo matupu. Dereva alinyoosha mkono, askari akaushika, lori likapita. Askari alikuwa Koplo Mureithi. Aligonga kioo cha Nthenya. Nthenya akakishusha upana wa vidole viwili, asizidishe, na baridi ikatoka ikampiga Koplo usoni.

"Eh, madam. Jana ulikuwa unalia. Sasa AC ni tamu hivi? Ulipata wapi?"

"Kwako, afande."

Koplo alitabasamu kwanza, kama mtu aliyesikia mzaha. Tabasamu likabaki pale bila kazi. Nthenya akashika kishikio cha boneti chini ya usukani.

"Nifungue uone?"

Magari nyuma yao yalipiga honi. Koplo alitazama boneti, akamtazama mzee, akatazama mbele ambako lile lori lilikuwa linapotelea.

"Endelea, madam," akasema. "Unazuia watu."

Walipita Isinya. Huko mbele tambarare ilifunguka, barabara ikawa tupu, hakuna lori wala vumbi, ng'ombe wachache tu mbali na mtu mwenye shuka nyekundu. Mzee alifumbua macho.

"Zima kidogo, mama," akasema. Alimwita hivyo kwa sababu Nthenya alipewa jina la mama wa mzee. "Amefanya kazi tangu asubuhi. Apumzike."

Nthenya akabonyeza. Kule mbele pakawa kimya. Joto likaanza kurudi ndani ya gari, taratibu, kupitia kwenye paa, nao wakalivumilia. Mzee alianza kutoa jasho kwenye paji la uso. Hakulipangusa.

Juu ya mwinuko likatokea lori, likiwaelekea, na nyuma yake wingu jeupe limefunika barabara nzima. Nthenya alinyoosha kidole hadi kwenye swichi, kikasimama hapo.

"Mwamshe," mzee akasema.