Upepeo wa Shaba wa Desanka

Ljubinko, mhandisi mwenzake, alikuwa kama mtu wa nyumbani kwa Desanka. Kila mwaka, siku ya mtakatifu wa ukoo wao, alikula ngano ya sikukuu mezani pake na kunywa rakija, pombe kali ya matunda, ya mumewe mpaka akaimba. Kwa hiyo Desanka alipoiona bodi mpya ya saketi ya kukuza mawimbi ya rada, kazi ya mikono yake mwenyewe, na pale pembeni ambapo wahandisi wenzake wa mji wa Niš huchora herufi za majina yao kwa shaba, kuna herufi za Ljubinko, hakulia. Alitaka kumwona akiumbuka mbele za watu, basi.

Na hata kuiba hakujua, mjinga yule. Aliuhamishia mchoro wa Desanka kwenye bodi ya bei rahisi, akapima upya kila njia ya shaba, lakini kile kipande chenye umbo la upepeo akakiacha vilevile, akidhani ni pambo. Kumbe upepeo huo ndio bawabu: unayazuia mawimbi yasitorokee kwenye njia inayoleta umeme. Bodi ikibadilika, nao lazima ubadilike.

Siku ya maonyesho mstari wa nguvu ya mawimbi ulisimama juu kwenye skrini, na mkurugenzi Tihomir akaanza kumpongeza Ljubinko, mkuu mpya wa ubunifu. Desanka akasogea.

"Ljubinko, ndugu yangu, hebu gusa njia ya umeme, nyuma ya upepeo. Si ndivyo tunavyojaribu siku zote?"

Ljubinko alikuwa amemwona akigusa hivyo mara nyingi, na mstari haukutikisika hata kidogo. Akatabasamu, akaweka kidole. Mstari ukaporomoka. Akakiondoa, ukapanda, akagusa tena, ukaanguka tena.

"Labda mkono una jasho," alisema.

"Jasho unalo kweli," Desanka alijibu, na moyo wake ukaona raha tupu.

Tihomir akamsihi asaidie. Desanka akatoa mfukoni kipande chembamba cha shaba, akakibandika kwa kijiti cha meno ukingoni mwa upepeo, ukapanuka. Akamwambia Ljubinko aguse. Mstari haukusogea, na chumba kizima kikashusha pumzi.

Kisha akakibandua, akakirudisha mfukoni.

"Mbona unakitoa?" Tihomir aliuliza.

"Hiki ni changu. Bodi ni yake, jina lake lipo hapo pembeni." Akamgeukia Ljubinko. "Na mwaka huu usije kula ngano kwangu."