Mama Nyanzala Hewani

Simu ya Edgar, afisa habari wa serikali, ilimkuta Marselina akimalizia taarifa ya saa saba mchana. Marselina alikuwa mhariri wa redio ndogo ya binafsi pale Majengo, Mpanda.

"Dada, soma tamko letu tu: wafugaji wamehama kwa hiari. Yule mama asisikike."

"Tamko nitalisoma lote, kaka Edgar. Na yule mama nitamrusha."

"Leseni yenu mnajua inatoka wapi." Akakata.

Jana yake Marselina alikuwa njia ya kwenda Sibwesa, akimrekodi Nyanzala, mjane mfugaji wa Kisukuma, wamesimama kwenye majivu ya nyumba yake iliyochomwa siku wafugaji walipohamishwa.

Mwenye redio, mzee Kassiani, akaingia anahema. Naye alikuwa amepigiwa.

"Mwanangu, mtoe huyo mama. Wakitufungia tutakula nini?"

"Shikamoo, mzee. Sikiliza kwanza. Ukisikia uongo, niambie niukate."

Kassiani akavaa spika za masikioni. Sauti ya Nyanzala ikamjia: "Nyie mnasema tumehama kwa hiari. Mtu anahama kwa hiari ameacha uji jikoni?"

Mzee alizivua taratibu. "Uongo sijausikia. Lakini sijakuruhusu."

"Sijaomba ruhusa, mzee. Kiti hiki ulinipa mwenyewe. Ukitaka kuninyang'anya, ninyang'anye sasa hivi, kabla sijawasha maiki."

Kassiani akasogea, akampisha mlangoni. Marselina akaingia studio. Alilisoma tamko mpaka nukta ya mwisho, kisha akasema, "Tumetakiwa tusiwasikilizishe sauti inayofuata. Sikilizeni, muamue wenyewe." Akamrusha Nyanzala.

Kesho yake wakaitwa ofisini kwa kina Edgar. Walitakiwa waombe radhi hewani, na mhariri afukuzwe. Marselina alishafungua mdomo, Kassiani akamtangulia.

"Radhi anaomba aliyekosea. Tuonyesheni kosa. Na nani awe mhariri kwangu, hilo halitoki ofisi hii."

Redio ikafungiwa mwezi mzima. Marselina hakukaa nyumbani kulia. Alipanda bodaboda akarudi vijijini, akawarekodi wakulima ambao mashamba yao yalikuwa yameliwa na ng'ombe wa wafugaji hao hao, maana nao walikuwa na la kusema.

Waliporudi hewani, alianza na wakulima. Edgar akapiga simu, anacheka: safari hii habari ilikuwa nzuri sana.

"Asante, kaka," Marselina alimjibu. "Hata hii sikukuuliza kama niirushe."